Kuuliza Kabla ya Kuvuka

Katika mji wa Kisii lipo soko liitwalo Daraja Mbili. Mwalimu wa sarufi angependa liitwe Madaraja Mawili, lakini soko halingoji ruhusa ya sarufi. Wauzaji na wanunuzi wamekwisha kulipa jina, na jina limekaa. Siku ya gulio huwezi kupita humo bila kugusana mabega na watu. Upande huu mikungu ya ndizi imelazwa chini safu kwa safu. Upande ule nguo za mitumba zimerundikwa kama vichuguu. Mbele kidogo mahindi na maharagwe hupimwa kwa gorogoro, na omena waliotoka ziwani hung'aa juani. Aghalabu mchana ukigeuka mawingu hukusanyika, na mvua ikianza kunyesha wauzaji hufunika mali zao kwa nailoni, wakangoja pamoja na wateja wao chini ya mabati.

Mimi, msomaji mpenzi, ni mtoto wa soko hilo. Mama yangu aliuza ndizi hapo, na kalamu niliyoandikia shuleni ilinunuliwa kwa ndizi. Nataka nikusimulie mambo mawili. La kwanza ni kosa nililolifanya mwenyewe nilipokuwa na umri kama wako. La pili ni maswali ya binti mmoja aliyenijia sokoni miaka mingi baadaye. Nimeyaweka pamoja kwa sababu laiti ningaliuliza maswali ya binti yule wakati wangu, kosa langu lisingalitokea.

Nilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka wa 1996. Siku hizo fomu ya kuomba nafasi ya chuo kikuu ilijazwa shuleni, kabla ya kuufanya mtihani wenyewe. Fomu ilipowekwa mbele yangu nilikuta orodha ya masomo ambayo sikuwahi kuyasikia. Kuuliza niliona haya, maana nilihesabiwa miongoni mwa wanafunzi wenye akili, na mwenye akili, nilidhani, hana la kuuliza. Basi nikamtazama jirani yangu wa dawati. Alipoandika, niliandika alichoandika. Palipobaki nafasi tupu nilichagua kozi ambayo jina lake lilikuwa refu kuliko mengine, nikidhani kwamba jina refu lina faida ndefu.

Matokeo yalitoka, nikawa nimefaulu. Nilingoja nyumbani zaidi ya mwaka mmoja, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, kisha barua ikaja. Nilikuwa nimepewa ile kozi yenye jina refu: masomo ya takwimu yaliyounganishwa na mambo mengine ya hesabu. Nilikimbia nayo hadi sokoni. Mama alikuwa akikata chana za ndizi. Alifuta mikono kwa kanga, akaishika barua asiyoweza kuisoma, akatabasamu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, huko uendako utasomea nini?"

Nikamtajia jina la kozi kwa Kiingereza. Akangoja. Nilipokuwa sisemi zaidi, akauliza tena, "Na hiyo ni kazi gani?"

Nikamwambia kwamba ni jambo gumu kulieleza. Huo ulikuwa uongo. Halikuwa gumu kulieleza. Mimi ndiye sikulijua. Mama hakuniuliza mara ya tatu. Wiki ile aliuza ng'ombe wetu wa maziwa ili nipate nauli, godoro, na fedha za kuanzia.

Takwimu ni elimu bora, na taifa lisilojihesabu haliwezi kujipanga. Lakini mimi nilikuwa mpenzi wa lugha na historia. Hesabu niliifaulu kwa kukariri tu, na kukariri hakufiki mbali katika elimu ile. Nilianguka mtihani, nikaurudia, nikaanguka tena. Katikati ya mwaka wa pili nilifunga sanduku langu. Nilirudi Kisii kwa basi la usiku, nikilishukuru giza. Mama hakunilaumu hata kwa neno moja. Alinipa mkungu wa ndizi niubebe mpaka sokoni, nami niliubeba. Baadaye nilianza upya katika chuo cha ualimu, na leo ni mwalimu wa Kiswahili, kazi niipendayo. Walakini mwaka mmoja na nusu haukurudi, na ng'ombe hakurudi.

Miaka ilipita. Mwaka mmoja, likizo ya Agosti, nilikwenda Daraja Mbili kununua mboga. Mama mmoja auzaye chinsaga na managu alikuwa na binti yake wa kidato cha nne, aliyekuwa akifunga mboga mafungu mafungu kwa vidole vyepesi. Aliposikia mtu ananiita mwalimu, alinyanyuka, akanijia kwa adabu.

"Habari ya mchana, Mwalimu," alisema. "Nina maswali juu ya chuo. Shuleni naogopa kuuliza, kwa sababu wenzangu watacheka."

Akatoa karatasi iliyochanwa daftarini, imekunjwa mara nne. Nilimwambia kwamba kuuliza si ujinga, na kwamba namjua mtu mmoja aliyeogopa kuchekwa siku moja akalia miezi kumi na minane. Hakujua kwamba mtu yule ndiye aliyesimama mbele yake. Tulikaa juu ya magunia, nami nikamjibu swali kwa swali. Majibu nakuandikia hapa, msomaji, kwa kuwa yumkini maswali yake ni yako.

Swali la kwanza lilikuwa hili: "Alama gani zatakiwa?"

Katika Kenya, mwenye kuitaka shahada sharti apate alama ya jumla isiyopungua C+ katika mtihani wa kidato cha nne. Lakini hilo ni lango la uani tu. Milango ya vyumba ina funguo zake. Kila kozi hutazama masomo manne yanayohusiana nayo. Alama ya A huhesabiwa 12, A- ni 11, B+ ni 10, na kushuka hivyo hivyo mpaka E iliyo 1. Kwa hiyo upeo wa masomo manne ni 48. Hesabu hiyo huunganishwa na ile ya masomo saba, ambayo upeo wake ni 84, ndipo hupatikana alama ya kushindania nafasi.

Binti alikunja uso, basi nikamtolea mfano. Wachukue wanafunzi wawili, kila mmoja ana pointi 63 katika masomo saba, yaani wote wana B. Wa kwanza, katika masomo manne ya kozi aitakayo, ana A, A-, A- na B+: jumla 44. Wa pili ana B, B, B- na B-: jumla 34. Shuleni wawili hao husifiwa sawa, lakini mbele ya kozi ile hawako sawa hata kidogo. Basi usiulize tu, "Nitapata nini kwa jumla?" Uliza pia, "Masomo gani manne yanabeba kozi niitakayo, nami nina nguvu gani katika hayo?" Na uliulize mapema, maana Kemia haiwezi kusomwa kwa usiku mmoja wa majuto.

Swali la pili: "Nichague kozi nzuri au kozi niipendayo?"

Alitaka kuwa muuguzi. Alikuwa amemwuguza nyanya yake kwa miezi mingi, akaona kwamba mikono yake haikuchoka. Lakini jirani walimwambia kwamba msichana mwenye akili husomea sheria. Nilimwuliza, "Mama yako akinunua mboga kwa wakulima alfajiri, hununua zile zinazong'aa?" Alicheka, akasema kwamba majani huweza kung'arishwa kwa maji, mama yake huvunja shina atazame ndani. Nikamwambia, "Basi nawe fanya hivyo kwa kozi. Jina ni maji juu ya jani. Vunja shina."

Namna ya kuvunja shina ni hii. Tafuta mtu afanyaye kazi hiyo, umwulize siku yake huanzaje na huishaje. Uliza kozi huchukua miaka mingapi, na baada yake kuna mtihani gani au leseni gani kabla ya kuajiriwa. Uliza kama kozi yenyewe imekubaliwa na wasimamizi wa kazi ile, kwa maana shahada ambayo wenye kazi hawaitambui ni sawa na noti ambayo duka halipokei. Uliza wenzako waliomaliza wako wapi. Kisha jiulize mwenyewe swali moja: "Kama hakuna mtu atakayenisifu kwa kazi hii, bado nitaamka mapema kuifanya?" Mapenzi bila uwezo hayatoshi, na uwezo bila mapenzi huchoka njiani. Tafuta mahali viwili hivyo vinapokutana.

Mfano mzuri tunao karibu. Mwaka wa 1960 msichana mmoja kutoka Nyeri alipata nafasi ya kusoma Marekani, katika safari za wanafunzi zilizoandaliwa kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake. Jina lake ni Wangari Maathai. Huko Kansas alisomea Biolojia. Somo hilo halikuwa na kishindo masikioni mwa watu kama sheria au utawala. Lakini elimu hiyo ilimfikisha kwenye shahada ya uzamivu aliyoipata Nairobi mwaka wa 1971, naye aliijua lugha ya miti na udongo. Na mwaka wa 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Jina la somo halikumpandisha. Yeye ndiye aliyelipandisha somo.

Swali la tatu: "Niende mbali au nibaki karibu?"

Wazee wetu hawakuwa na uchaguzi huu. Aliyetaka elimu ya juu katika Afrika Mashariki alitazama Makerere, iliyoanza mwaka wa 1922 kama shule ya ufundi. Au alivuka bahari, kama wale 81 waliopanda ndege ya kwanza ya safari nilizozitaja, Septemba 1959. Chuo Kikuu cha Nairobi kilisimama peke yake kama chuo kikuu kamili mwaka wa 1970. Leo chuo kikuu kimekuja mpaka mlangoni petu. Chuo Kikuu cha Kisii kilianza mwaka wa 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi, kikalelewa kwa muda na Egerton, na mwaka wa 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili.

Karibu kuna faida: huwezi kulala njaa mahali ambapo mama yako anauza mboga. Mbali kuna faida nyingine: macho huona mengi, na kijana hujifunza kusimama bila kushikwa mkono. Lakini usichague umbali kwa sababu ya umbali, wala ukaribu kwa sababu ya hofu. Chagua kwanza kozi. Kisha uliza ni vyuo gani vinaifundisha vyema, na mwisho upime gharama ya nauli na chumba.

Swali la nne: "Fedha zitatoka wapi?"

Hapa sauti yake ilishuka. Nilimwambia kwanza jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: kupata nafasi ni jambo moja, na kupata fedha ni jambo jingine. Nafasi hutolewa na shirika la kuwapangia wanafunzi vyuo, lijulikanalo kwa herufi zake KUCCPS. Mkopo huombwa penginepo, kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1995. Asiyeomba mkopo kwa kudhani kwamba utamfuata wenyewe, huachwa. Tangu mwaka wa 2023 serikali ilianza kutoa fedha kwa kutazama hali ya jamaa ya mwanafunzi, sehemu kama ufadhili usiorudishwa na sehemu kama mkopo. Utaratibu huo umebishaniwa hata mahakamani, kwa hiyo kila mwaka sharti uulize upya masharti ya mwaka huo. Kadhalika iko misaada ya karo ya kaunti na ya maeneo bunge, ambayo ni midogo lakini haba na haba hujaza kibaba.

Jaza habari za nyumbani kwa ukweli. Umaskini si aibu ya kufichwa katika fomu, wala si vazi la kuazima kwa asiye nao. Weka tayari cheti cha kuzaliwa, kitambulisho chako ukiwa umetimiza miaka 18, nakala za vitambulisho vya wazazi, na cheti cha kifo ikiwa mzazi ametangulia. Vijana wengi nimewaona wakiangushwa na karatasi moja iliyoliwa na panya, ilhali mtihani ulishindwa kuwaangusha.

Na ukumbuke kwamba mkopo ni deni. Siku ukiingia huonekana kama mvua ya masika, lakini ni maji ya kisima cha mtu mwingine, utayarudisha. Ukiupata, gawanya siku ile ile: hii ya karo, hii ya chumba, hii ya chakula mpaka mwisho wa muhula. Watoto wa soko wana heri, maana wamekwisha kufundishwa na mama zao kutokula mtaji.

Swali la tano: "Nani atanisaidia kujaza maombi?"

Maombi siku hizi hupelekwa kwa mtandao. Wasio na kompyuta huenda katika maduka ambayo watu huyaita saiba. Nenda, lakini nenda ukiwa na orodha yako mkononi. Nimekutana na kijana aliyemwachia mwenye duka amchagulie kozi, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na mvua ilikuwa karibu kunyesha. Miaka minne ya maisha yake ilichaguliwa na mtu aliyetaka kufunga duka mapema! Kaa wewe mbele ya kioo. Andika mwenyewe, au mwenzako aandike huku ukisoma kwa sauti. Neno lako la siri usimpe mtu, na ulihifadhi usilisahau. Kabla ya kutuma, soma tena kila herufi na kila namba. Baada ya kutuma, chapisha ushahidi, uuweke pamoja na vyeti vyako. Usingoje siku ya mwisho, maana siku ya mwisho nchi nzima husimama katika mlango mmoja. Na mtu akikuahidi nafasi kwa hongo, mkimbie; anakuuzia kivuli cha mti usio wake.

Niliongeza neno juu ya kujitayarisha. Tangu mtihani wa Novemba mpaka chuo kufunguliwa, aghalabu Agosti au Septemba, kuna miezi kama tisa, muda wa mtoto tumboni. Wengi huilala. Katika miezi hiyo jifunze kuandika kwa kompyuta. Soma vitabu ambavyo hakuna mwalimu aliyekuagiza, maana chuoni hakuna kengele wala mtu wa kukuimlia maandishi. Utaambiwa jina la kitabu, na njia ya maktaba utaitafuta mwenyewe. Jifunze kupika, kufua, na kuishi kwa bajeti. Jifunze pia kusema "hapana" kwa upole, kwa sababu chuoni kuna marafiki watakaokujenga na marafiki watakaokula muda wako kama mchwa walavyo boriti, kimya kimya.

Swali la sita: "Je, nikikosa?"

Nilifurahi kwamba aliliuliza kabla ya kukosa. Binadamu wengi huliuliza wakiwa wamekwisha kuanguka, na aliyeanguka haoni mbali. Nilimwambia kwamba shahada ni njia moja, si njia pekee. Iko stashahada, ambayo kozi zake nyingi hutaka C- na nyingine zaidi. Iko astashahada, na yako mafunzo ya ufundi. Mjini mwetu kipo chuo cha ufundi ambacho watu hukiita Kisii National Polytechnic, zamani Gusii Institute of Technology. Na kwa uuguzi hasa, lipo tawi la Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, KMTC, chuo ambacho mizizi yake yafika mwaka wa 1927. Mwenye stashahada akifanya vyema aweza kupanda hadi shahada. Maji yakizuiwa hapa hupitia pale, lakini bado ni maji na bado yaelekea mtoni.

Nilidhani tumemaliza. Lakini nilipotaka kumrudishia karatasi niliona kwamba mkunjo wa mwisho haukufunguliwa. Niliufungua. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, aliandika: "Nikienda, nani atambebea mama mzigo?"

Msomaji mpenzi, maswali sita niliyajibu kwa elimu. La saba lilinishinda. Nilitazama magunia mawili ya mboga, nikamtazama mama yake, ambaye mgongo wake ulikuwa umeanza kuinama. Nilijua kwamba hili ndilo swali la kwanza kwa kweli, na kwamba yale mengine sita yalitangulia tu kulikinga. Wapo wengi wanaoacha kuomba nafasi kwa sababu ya swali kama hili, kisha husingizia alama au karo. Sikutaka kumjibu kwa methali. Nilimwambia, "Hili si langu kujibu. Tumwulize mwenyewe."

Tukaenda. Nilisoma maneno yale kwa sauti. Mama yule aliendelea kufunga mboga, akamhudumia mteja, akahesabu chenji. Kisha akasema, "Mzigo huu niliubeba kabla yeye hajazaliwa. Yuko ndugu yake mdogo ana mabega, na likizo zipo. Nisiloweza kulibeba ni yeye kubaki hapa kwa ajili yangu, akanilaumu moyoni asiniambie." Akamgeukia binti yake, akamwuliza, "Na huko uendako utasomea nini?"

Moyo wangu ulishtuka. Lilikuwa swali lile lile, katika soko lile lile, na maneno yakikaribia kuwa yale yale.

Binti hakutaja jina la Kiingereza. Alisema kwa Ekegusii, lugha ya nyumbani. Alieleza kwamba atajifunza jinsi mwili unavyougua na unavyopona. Jinsi ya kupima dawa, kusafisha kidonda, kumpokea mtoto anayezaliwa na kumlaza vyema mtu anayekufa. Kwamba ni miaka kadhaa, na baadaye kuna mtihani wa kupata ruhusa ya kazi. Maelezo yote hayakuzidi muda wa kuuza mafungu matatu ya mboga. Mama yake alisikiliza, kisha akauliza, "Na usiku, mnalala au mnakesha na wagonjwa?" Ndipo nilipojua kwamba ameelewa, kwa maana asiyeelewa hana swali la pili.

Matokeo yalipotoka Januari, binti hakupata alama za kumwingiza katika shahada aliyoitaka. Alilia siku moja. Siku ya pili alichukua ile karatasi yenye maswali, akatazama jibu la sita, akaomba stashahada ya uuguzi, akapata. Ndugu yake mdogo ndiye abebaye magunia sasa, akilalamika kama walalamikavyo wadogo wote.

Labda wewe usomaye hutafanya mtihani ule wa kidato cha nne. Mtaala wa umilisi ulioanza kujaribiwa mwaka wa 2017 umeleta gredi badala ya vidato, na wanafunzi wake wa kwanza, waliopangiwa kuingia gredi ya kumi mwaka wa 2026, hutakiwa kuchagua mkondo mapema zaidi kuliko sisi: sayansi na ufundi, au sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Labda pia wasoma haya Mwanza au Mbarara, ambako bodi na mitihani vina majina mengine. Majina yatabadilika, maswali hayabadiliki. Naweza? Napenda? Wapi? Kwa fedha gani? Kwa mkono wa nani? Nikikosa je? Na wale ninaowaacha nyuma, nimewauliza?

Basi nakupa kipimo kimoja, ambacho nilikinunua kwa ng'ombe. Kabla ya kutuma maombi yako, mwendee mzazi wako, au yeyote aliyekulea, umkute kazini pake, shambani au dukani au jikoni. Mweleze kwa lugha ya nyumbani jambo unalotaka kusomea. Usitumie neno hata moja la kumtisha. Akikuuliza swali la pili, tuma maombi. Akinyamaza na kutabasamu tu, kama mama yangu alivyofanya siku ile, usitume bado. Rudi ukaulize.